Kutoka vijiji vya majaribio hadi wilaya nzima: mwongozo wa kupanua huduma za malezi ya watoto wadogo

Maswali ni yaleyale. Mradi wa malezi umefanya kazi vizuri katika vijiji vichache, wafadhili wamefurahi, mkurugenzi anataka ufike wilaya nzima kabla ya mwaka wa fedha ujao, na ofisa aliyekabidhiwa kazi anauliza: tunahitaji wahudumu wangapi? Twende nyumba kwa nyumba au tukusanye vikundi? Tuwalipe? Tupime nini? Ikiwa ofisa huyo ni wewe, haya yameandikwa kwa ajili yako. Yanahusu familia zenye watoto tangu mimba hadi miaka mitatu, katika nchi ambazo fedha ni chache na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye mtumishi pekee anayefika mlangoni.

Nitangulize jambo ambalo utaliona likijirudia hadi mwisho. Mradi unapokua, kinachoanza kufa ni ubora wa ule muda mfupi ambao mhudumu anakaa na mama na mtoto. Idadi ya kaya inapanda, ripoti zinajaa, lakini ndani ya nyumba mhudumu anahutubia huku mtoto amekaa pembeni hana wa kucheza naye. Dawa yake ni usimamizi. Ongeza wasimamizi kwanza, kaya zifuate.

Ushahidi kwamba kazi hii ina faida upo, na uwe nao kichwani maana utaulizwa. Huko Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii kila wiki kwa miaka miwili, saa moja kila mara, mama akionyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake. Miaka ishirini baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 25. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi uliojumuisha majaribio 102 kutoka nchi 33: programu za malezi zinainua uwezo wa mtoto kufikiri na kuzungumza, na kwa upande wa kufikiri manufaa ni makubwa zaidi katika nchi maskini kuliko tajiri.

Lakini soma na upande wa pili. Brazil ilianzisha programu ya Criança Feliz mwaka 2016, nayo ikaenea haraka katika manispaa zaidi ya 2,000. Ilipofanyiwa tathmini katika manispaa 30, makuzi ya watoto waliolengwa hayakuonekana kutofautiana na ya wasiolengwa. Ziara zilizofika majumbani zilikuwa chache kuliko zilizopangwa, na ubora wake haukulingana. Wazo lilikuwa jema na nia ya serikali ilikuwepo. Ndiyo maana nakuomba usiogope kwenda polepole.

Kwa upande wa nadharia, mfumo mmoja unatosha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia waliweka mfumo wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo za afya, lishe na ulinzi kwa kawaida tayari zina idara na bajeti zake, hata kama ni haba. Malezi yenye mwitikio (mlezi kuziona ishara za mtoto na kuzijibu) na ujifunzaji wa awali ndizo nguzo zisizo na mwenyewe, na ndizo utakazoshughulika nazo zaidi.

KABLA YA KUANZA

Hakikisha una vitu hivi mkononi. Kikikosekana kimoja, kitafute kwanza.

- Mtaala uliokwisha kujaribiwa. Upo wa Reach Up, uliozaliwa na ile kazi ya Jamaica, na upo wa Care for Child Development wa WHO na UNICEF. Usitunge wako kuanzia sifuri. Muda utakaoutumia kutunga unahitajika kwingine.
- Makubaliano ya maandishi na idara ya afya, pamoja na ustawi wa jamii, lishe na elimu, yanayosema nani anamsimamia nani. Maneno ya kwenye kikao hayatoshi, kwa sababu viongozi huhamishwa.
- Orodha ya wahudumu waliopo pamoja na kazi zote walizokwisha kupewa: chanjo, kifua kikuu, malaria, uzazi wa mpango, sensa ya kaya.
- Wakufunzi wawili au watatu wanaojua kucheza na mtoto wa mwaka mmoja mbele ya watu bila kuona haya. Shahada haitoi ujuzi huo.
- Bajeti ya miaka mitatu, yenye fungu la usimamizi linalosimama peke yake.
- Majina ya vituo vitakavyopokea rufaa za utapiamlo, ulemavu, ukatili, na mama mwenye msongo mkubwa wa mawazo.

HATUA

1. Amua ni familia zipi utaanza nazo.

Huwezi kuwahudumia wote kwa kiwango kilekile, na ukijaribu utawapunja wote. Chagua kwa vigezo vinavyojulikana tayari kwenye kumbukumbu za kituo cha afya au za mpango wa ruzuku kwa kaya maskini: watoto waliodumaa, waliozaliwa na uzito mdogo, kaya zilizo kwenye orodha ya ruzuku, akina mama wenye umri mdogo. Familia nyingine zipate ujumbe mfupi kliniki na kwenye redio.

Angalizo: usitangaze kwamba huduma ni ya "watoto wenye matatizo". Akina mama watajificha, na wana haki.

2. Chagua njia ya kufikisha huduma.

Zipo tatu: nyumba kwa nyumba, vikundi, na kliniki. Ziara za nyumbani ndizo zenye ushahidi wa muda mrefu, lakini hula watumishi. Habari njema ni kwamba vikundi vinaweza. Katika jimbo la Odisha, India, watafiti walilinganisha ziara za nyumbani na vikundi vya akina mama kwa miaka miwili. Watoto wa pande zote mbili walinufaika, na vikundi viligharimu chini ya theluthi moja ya gharama ya ziara kwa kila mtoto. Huko magharibi mwa Kenya, jaribio katika vijiji 60 lilionyesha kwamba vikundi pekee, vilivyokutana kila baada ya wiki mbili, viliinua makuzi ya watoto kwa gharama ndogo kuliko kuchanganya vikundi na ziara za nyumbani.

Ushauri wangu: penye makazi yaliyokaribiana, anza na vikundi. Penye kaya zilizotawanyika, au pale mama hawezi kutoka nyumbani kwa sababu yoyote, tumia ziara. Kliniki itumie kama nyongeza. Foleni ni ndefu, mtoto amechoka, na muuguzi ana dakika tano tu. Tarajia ujumbe mmoja na mchezo mmoja, basi.

Kikundi kiwe na akina mama wasiozidi kumi, na watoto wao wawepo. Narudia, watoto wawepo. Kikundi cha akina mama bila watoto kinageuka darasa la nadharia siku hiyohiyo. Watenganishe kwa umri ukiweza, kwa sababu shughuli ya mtoto wa miezi sita haimfai wa miaka miwili.

3. Piga hesabu ya mzigo wa kazi kabla ya kuahidi idadi.

Chukua mfano wa wilaya yenye watoto 9,000 walio chini ya miaka mitatu, nawe umechagua kuanza na 3,000. Ukienda nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, na kila mhudumu akabeba kaya 20, unahitaji wahudumu 150, kila mmoja akifanya ziara 10 kwa wiki. Kila msimamizi akiwa na wahudumu 15, unahitaji wasimamizi 10. Ukitumia vikundi vya watu kumi, una vikundi 300. Mhudumu mmoja akiongoza vinne, yaani vikao viwili kwa wiki, unahitaji wahudumu 75 na wasimamizi watano.

Sasa weka juu ya hesabu hiyo kazi zote ambazo mhudumu anazo tayari, na saa za kutembea. Namba zikikataa, punguza watoto. Usipunguze ziara. Mara moja kila wiki mbili ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukishauri kwa moyo mweupe. Mara moja kwa mwezi mama anasahau, mtoto amekwisha kuvuka hatua nyingine ya ukuaji, na mhudumu anaanza upya kila anapofika.

Pakistan iligusa jambo hili kwa namna ya kufundisha. Katika mkoa wa Sindh, wahudumu wa afya wanawake walio kwenye mfumo wa serikali waliongezewa kazi ya uchangamshi wa awali, yaani kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa kutumia vikao vya kila mwezi vya kikundi pamoja na ziara walizokuwa wakifanya tayari, huku wakipata mwongozo wa karibu. Kufikia umri wa miezi 24 watoto walionekana wazi kunufaika, na bado walikuwa mbele walipofika miaka minne. Kazi mpya ilipachikwa kwenye njia iliyokuwepo, na mtu akawekwa wa kuwashika mkono wahudumu.

4. Rekebisha mtaala bila kuung'oa moyo.

Badilisha lugha, picha, nyimbo, michezo na vifaa. Tumia nyimbo ambazo mabibi wa eneo lenu wanazijua. Vitu vya kuchezea vitengenezwe kwa vilivyopo nyumbani: chupa za plastiki, vifuniko, maboksi, vitambaa, vibuyu. Onyo la usalama: kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni mwa mtoto hakifai, na chupa yenye mbegu ndani ifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuifungua.

Usiguse mtiririko wa kikao. Kila kikao kizuri kinapita hapa:

- Salamu, na kumuuliza mama yaliyotokea tangu mlipokutana.
- Mama anaonyesha mchezo wa mara iliyopita.
- Mhudumu anaonyesha shughuli mpya, akiwa na mtoto mwenyewe.
- Mama anaijaribu palepale, naye anasifiwa kwa jambo mahususi: "Umemsubiri akujibu kabla ya kuendelea, umeona alivyotabasamu?"
- Wanakubaliana ni wakati gani nyumbani ataifanya: anapomwogesha mtoto, anapopika, wanapokwenda kuteka maji.
- Mhudumu anaacha kifaa kipya cha kuchezea na kuchukua kile cha zamani.

Presha ya muda inapoanza, sehemu ya mama kujaribu mwenyewe ndiyo inayokatwa kwanza. Nayo ndiyo inayobeba mabadiliko yote. Ukilazimika kufupisha, kata maelezo.

5. Tafuta wahudumu na uwafundishe kwa vitendo.

Mhudumu mzuri anakubalika kijijini, anapenda watoto, na anaweza kusoma na kuandika vya kutosha kutumia mwongozo. Elimu ya sekondari inasaidia lakini isiwe ukuta. Kabla hujamwajiri, mwite akae chini kwenye mkeka na mtoto kwa dakika kumi, umtazame. Utajua mengi kuliko kwenye usaili wowote.

Mafunzo yasiwe ya kusomeana slaidi. Katika siku kumi za mafunzo, theluthi mbili ziwe za kutengeneza vifaa, kuigiza kikao, na kufanya mazoezi na familia halisi. Warudishwe darasani baada ya miezi mitatu, kwa sababu maswali ya kweli huja mtu akishaanza kazi.

Kuhusu malipo: walipe. Kazi ya kila wiki, yenye ratiba na ripoti, ni ajira. Ukitegemea kujitolea, watu wazuri wataondoka wakipata kazi nyingine, nawe utakuwa unafundisha wapya kila msimu. Kama bajeti haina mishahara, toa posho inayoeleweka na ifike kwa wakati. Posho inayochelewa inavunja moyo kuliko posho ndogo.

6. Weka wasimamizi, na uwape kazi ya kufundisha.

Hapa nitakaa kidogo.

Katika miradi mingi msimamizi ni mtu wa fomu. Anapita mwisho wa mwezi, anakusanya takwimu, anauliza kwa nini kaya tatu hazikutembelewa, anaondoka. Mhudumu anajifunza haraka kwamba kinachotakiwa ni namba, naye anazileta. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amefanya alichoulizwa.

Msimamizi unayemhitaji anamwona kila mhudumu akifanya kazi, uso kwa uso, angalau mara moja kwa mwezi. Akiwa na wahudumu 15, hiyo ni kama ziara nne kwa wiki, na bado anabaki na muda wa ripoti na kikao. Ndiyo sababu sikushauri uvuke 15. Msimamizi mwenye wahudumu 40 hasimamii, anahesabu.

Anapokwenda, afuate utaratibu huu: akae pembeni atazame kikao chote bila kuingilia, ajaze orodha fupi ya mambo machache, kisha wakiwa wawili njiani amwambie mhudumu jambo moja alilofanya vizuri na jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Orodha ya makosa saba haimfundishi mtu.

Orodha yenyewe itoshe ukurasa mmoja. Mama alijaribu shughuli mwenyewe? Mtoto alifurahia? Mhudumu alimsifu mama kwa jambo mahususi? Shughuli ililingana na umri? Mhudumu aliuliza hali ya mama? Maswali hayo matano yanatosha kukuonyesha wilaya inaelekea wapi.

Kila mwezi wahudumu wa msimamizi mmoja wakutane nusu siku, watengeneze vifaa pamoja, waigize kaya iliyowashinda. Usifute kikao hiki bajeti inapobana. Ukitaka kujua programu itakuwaje mwaka ujao, tazama kama vikao hivi bado vinafanyika.

Na msimamizi apewe usafiri. Ni ajabu ni mara ngapi mpango mzima unakwama kwa sababu hakuna mafuta ya pikipiki.

7. Anza ndani ya mfumo halisi.

Majaribio ya kwanza huwa na watu bora, magari na macho ya watafiti. Kabla ya kwenda wilaya nzima, fanya mzunguko mmoja wa miezi sita hadi tisa katika kata mbili au tatu, ukitumia watumishi wa kawaida, mishahara ya kawaida, na mfumo wa ugavi wa kawaida. Kitakachovunjika hapo ndicho kitakachovunjika kila mahali, na hapo kurekebisha ni rahisi.

8. Panua kwa awamu.

Kila awamu ianze pale wasimamizi wake wameshafundishwa, wamefanya kazi ya uhudumu wao wenyewe kwa muda, na wameketi na wasimamizi wa awamu iliyotangulia. Wahudumu bora wa awamu ya kwanza ndio wawe wasimamizi wa awamu ya pili. Ukianza hivi, kila awamu inazaa inayofuata.

Weka kigezo cha kusonga mbele na ukiandike mapema: kwa mfano, katika vikao vinne kati ya vitano vilivyotazamwa, mama alijaribu shughuli mwenyewe. Kigezo kisipofikiwa, awamu inayofuata inasubiri. Kikiwa kwenye makubaliano yenye sahihi, utakuwa na cha kuonyesha siku ambayo mkubwa atataka kuharakisha.

9. Wajumuishe akina baba, mabibi, na mama mwenyewe kama mtu.

Mama mwenye sonona hawezi kumwitikia mtoto hata ukimletea vitu vya kuchezea vya dunia nzima. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 kuhusu makuzi ya awali unataka afya ya akili ya mama iwe sehemu ya huduma hizi. Upo mpango uitwao Thinking Healthy, uliobuniwa Pakistan na kuchukuliwa na WHO, unaowawezesha wahudumu wasio madaktari kumsaidia mama mwenye sonona kwa mazungumzo. Mfundishe kila mhudumu angalau kuuliza, kusikiliza, na kujua pa kumpeleka.

Mabibi ndio walezi wa watoto wengi saa za kazi, na ndio wanaoamua kama mchezo ni "utoto" au ni jambo la maana. Waalike. Kwa akina baba, vikao viwili au vitatu vya jioni au siku ya mapumziko vinafaa kuliko kuwalazimisha waingie kwenye kikundi cha akina mama.

10. Pima vichache, na uvitumie.

Kila mwezi: kaya zilizofikiwa mara zilizopangwa, vikao vilivyotazamwa na msimamizi, na alama za ile orodha ya maswali matano. Mara moja kwa mwaka, kwa sampuli: hali ya nyumbani, kama vile idadi ya watu wazima wanaocheza na mtoto, vitabu na vitu vya kuchezea, kwa kutumia maswali mafupi ya Family Care Indicators. Kwa makuzi ya mtoto chini ya miaka mitatu, kifaa cha CREDI kinategemea majibu ya mlezi na hakihitaji mwanasaikolojia. WHO nayo ina GSED. ECDI2030 ya UNICEF ni ya watoto wa miezi 24 hadi 59, kwa hiyo haitakusaidia kwa wachanga.

Usiwaambie wahudumu wapime makuzi ya watoto wao wenyewe kisha uwape zawadi kwa matokeo. Utaharibu takwimu na uhusiano wao na akina mama kwa pamoja.

11. Tafuta mahali pa kudumu kwenye bajeti ya serikali.

Anza mwaka wa kwanza, hata kwa fungu dogo: mafuta ya wasimamizi, au uchapishaji wa miongozo. Kuna tofauti kubwa kati ya programu yenye kifungu chake kwenye bajeti na isiyo nacho, hata kifungu hicho kikiwa kidogo namna gani. Cuba imeendesha mpango wake wa malezi, Educa a Tu Hijo, tangu mwaka 1992, na jimbo la Rio Grande do Sul huko Brazil limekuwa na Primeira Infância Melhor tangu 2003. Yote miwili ilishikwa na mfumo wa umma.

MAMBO YAKIKWAMA

Akina mama wameacha kuja kwenye kikundi. Uliza kwanza kuhusu saa na msimu. Wakati wa kulima hakuna atakayekuja asubuhi. Kisha nenda ukatazame kikao kimoja. Mara nyingi utakuta mhutubu mmoja na wasikilizaji tisa. Rudisha michezo, watarudi.

Mama anasema hana muda wa kucheza. Ana haki, na usibishane naye. Onyesha shughuli zinazofanyika ndani ya kazi: kutaja majina ya nguo anapofua, kumpa mtoto kifuniko na sufuria anapopika, kumwimbia anapombeba. Kama shughuli inamtaka mama aache kazi zake, mtaala unahitaji kurekebishwa.

Familia inaomba chakula au fedha badala ya michezo. Hilo ni ombi la kweli. Mhudumu ajue utaratibu wa kuunganisha kaya na mpango wa ruzuku au lishe, na asiwaahidi asichonacho. Huduma ya malezi inashika vizuri zaidi pale inapotembea pamoja na msaada mwingine. Colombia ilijenga ziara zake juu ya mpango wa ruzuku uliokuwepo tayari, ikitumia akina mama viongozi walewale waliokuwa wakijulikana katika jamii.

Manufaa yanafifia baada ya programu kwisha. Hilo lilitokea huko huko Colombia: miaka miwili baada ya ziara kukoma, tofauti kati ya watoto ilikuwa imepotea. Panga mapema mahali mtoto atakapokwenda akifika miaka mitatu: kituo cha kulelea watoto, darasa la awali, au kikundi cha akina mama kinachoendelea chenyewe. Usimfungie mtoto mlango siku anapotimiza miaka mitatu.

Alama za wasimamizi ni nzuri mno, kila mhudumu amepata zote. Wasimamizi wanajaza fomu ofisini au wanaogopa kuwaudhi wenzao. Tuma mtu wa pili atazame vikao vichache bila taarifa ndefu, linganisha, kisha zungumza na wasimamizi kuhusu matumizi ya fomu. Wakijua haitumiki kuwafukuzia watu, wataijaza kwa ukweli.

Mhudumu anashuku mtoto ana ulemavu au amechelewa sana. Asimtangazie mama jina la ugonjwa. Aandike anachokiona, atoe rufaa, na aendelee kuitembelea familia. Mtoto huyu anahitaji ziara kuliko wengine, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuachwa kwa sababu "hawezi shughuli". Mpe shughuli za hatua aliyopo, siyo za umri wake.

Wahudumu wanaacha kazi. Waulize walioondoka, siyo waliobaki. Ukisikia posho kuchelewa, umbali, au kaya nyingi kupita kiasi, rudi hatua ya tatu na upige hesabu upya. Ukisikia kwamba hakuna aliyewahi kuja kuona kazi yao, rudi hatua ya sita.

Mkuu mpya ameingia na anataka idadi ya kaya iongezwe mara tatu mwaka huu. Mpeleke kijijini kabla ya kumpelekea karatasi. Aketi kwenye kikao kimoja kizuri na kimoja kibaya, siku moja. Kisha mwonyeshe kigezo cha awamu kilichosainiwa na hesabu ya wasimamizi wanaohitajika kwa idadi anayoitaka, pamoja na gharama yake. Akikubali kulipia wasimamizi hao, ongeza kasi. Asipokubali, mwombe muda uliomo kwenye mpango, na ombi hilo uliandike.